Saa Haiwekwi na Mtu Mmoja

Nyumbani kwetu Bunia redio iliwashwa kila asubuhi kwa ajili ya milio. Mama aliisubiri ile mifupi inayomtangulia msomaji wa habari, na ule mmoja mrefu wa mwisho, kisha akaizima kabla mtu hajatuambia nani amekufa wapi. Hayo, alisema, tutayajua sokoni.

Tulikaa ndani ya uzio wa posti, kiwanja cha kokoto, nguzo na vikombe vya kauri, pale ambapo laini ya umeme kutoka maporomoko ya kaskazini inaingia mjini. Mama alikuwa mkuu wa ulinzi. Watu waliosikia cheo hicho walidhani anabeba bunduki. Alibeba bisibisi, na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alichokilinda kilikuwa rele, kisanduku cha kijivu ukutani ambacho kazi yake ni kuupima umeme bila kusinzia. Waya ukiguswa na mti au radi, rele inaikata laini kabla moto haujapanda nguzo, na inaandika saa iliyoikata, mpaka sekunde. Rele nyingine kama hiyo ilikuwa juu kwenye maporomoko, mwisho wa pili wa laini. Umeme ukifa, fundi anasoma visanduku vyote viwili na kuuliza kipi kilikata kwanza. Kilichotangulia ndicho kinachoonyesha jeraha lilianzia upande gani.

Lakini kila kisanduku kina saa yake, inayotembea kwa betri hata umeme ukifa, na saa zikiachwa zenyewe kila moja hushika njia yake, kama mbuzi waliokatwa kamba. Ndiyo maana mama aliihitaji ile milio. Kila asubuhi alisimama mbele ya rele ya mjini, redio mkono mmoja, na mkono wa pili kipaza sauti cha foni, ile mitambo ya kuitana kwa mawimbi ambayo misheni zote na maduka makubwa yalikuwa nayo. Upande wa pili wa foni alikuwa mtunza mashine wa maporomoko, mwanamume ambaye sikuwahi kumwona, naye amesimama mbele ya rele yake na redio yake. Watu wa upande wake na watu wa upande wetu, makabila mawili, walikuwa wameoana tangu zamani, kwa hiyo yeye na mama waliitana shemeki, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeki, uko?"

"Niko. Leo maji iko mingi. Ambia batu ba mujini baoge sasa."

Kisha wote wawili wananyamaza. Milio inalia, na kwenye ule mrefu wanabonyeza pamoja, yeye kule juu, mama huku chini, na mlima mzima katikati yao. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya kazi yao, nami niliijua kabla sijaijua Baba Yetu: saa haiwekwi na mtu mmoja. Saa iliyowekwa na mtu mmoja, mama alisema, ni mawazo yake tu.

Vita vya pande hizo mbili vilipoingia mjini, kitu cha kwanza kuchukuliwa kilikuwa foni. Wakubwa wa mji, vijana wa nchi yetu waliokuwa wameshika ofisi za serikali kwa nguvu za bunduki, walitangaza kwamba kila anayesema na upande wa pili bila ruhusa ni adui. Wakaja na pikapu, wakaing'oa foni yetu ukutani. Ilibaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta, na mama akaiangalia kwa muda mrefu, halafu akaenda kuwasha redio kama kawaida. Alisikiliza milio. Hakubonyeza kitu. Bila shemeki wake hakuna kuweka saa. Kilichobaki ni kuangalia tu inavyokwenda.

Kitu cha pili kuchukuliwa kilikuwa saa yenyewe.

Askari waliotoka ng'ambo ya ziwa, ambao ndio waliokuwa na vifaru na kwa hiyo ndio waliokuwa na neno la mwisho, waliishi kwa saa ya kwao, iliyotangulia ya kwetu kwa saa nzima. Wakubwa wa mji, ili wawapendeze, waliamuru ofisi zote zifuate. Makanisa yakakataa. Basi Bunia ikawa na asubuhi mbili na jioni mbili. Ukimuuliza mtu saa ngapi, anakuuliza, ya nani? Kwenye ndoa ya binti wa jirani yetu, familia ya bwana harusi ilifika wakati wapishi wanasugua sufuria. Tulicheka sana mwaka ule, kwa hasira.

Mkurugenzi wetu hakucheka. Alikuwa mtu mwenye elimu kubwa ya umeme. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuzisoma rele, na mama alimheshimu. Lakini hofu ilikuwa imemwingia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Saa yake ya mkononi aliitanguliza dakika kadhaa, tena juu ya ile saa nzima ya amri, ili asichelewe kamwe kwenye mikutano ya wakubwa. Siku moja mama akiwa kwenye matanga huko Nyankunde, wakubwa walisema watatembelea posti. Mkurugenzi akafungua kifuniko cha rele ya mjini, akaangalia saa yake ya mkononi, akabonyeza. Peke yake.

Mama aliporudi aliona mara moja. Alikwenda ofisini kwake, na niliambiwa sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Mkurugenzi alijitetea kwamba wakubwa walitaka kuiona saa yao kwenye kila kitu chenye saa. Alimwomba mama airudishe kimyakimya wakishaondoka, iishe. Mama akakataa. Alimwambia kwamba akiirudisha peke yake atakuwa amelifanya kosa lile lile mara ya pili, na tena akijua. Ikabaki hivyo, imekosewa, ikisubiri foni ambayo haikurudi.

Nasimulia haya polepole kwa sababu ndani yake kuna maisha ya mtu.

Alasiri moja laini ilikufa. Jioni ile ile, giza lilipoingia, mtaa wa pembeni mwa mji ulishambuliwa. Sitaeleza niliyoyaona kesho yake. Waliokuwapo wanayajua, na wasiokuwapo hawataridhika na maneno yangu. Mafundi waliokwenda kukagua laini walikuta mkaratusi mkubwa umeangukia waya nje kidogo ya mji, mahali ambapo watu walikata miti kuchoma makaa. Walidhani wamepata jibu. Lakini mjini jibu lilikuwa limeshapatikana: yule mtu wa maporomoko, mtu wa upande ule, ameua umeme makusudi ili ndugu zake waingie gizani. Na mti? Mti, wakubwa walisema, ulianguka baadaye, laini ikiwa imeshakufa.

Kwa hiyo kila kitu kilikuja kusimama juu ya swali dogo ambalo mama alikuwa akilijibu tangu ujana wake. Nani alikata kwanza? Kama rele ya mjini ilitangulia, mti ndio ulioua laini. Kama ya maporomoko ilitangulia, basi ni mkono wa mtu.

Maporomoko yalilindwa na askari wa ng'ambo. Afisa wao alituma karatasi iliyochapwa na rele ya juu. Mkurugenzi akaiweka karibu na karatasi ya rele yetu, akaondoa ile saa nzima ya amri, akalinganisha kilichobaki. Maporomoko yalikuwa yametangulia kwa karibu dakika tano.

Wakubwa wakafurahi. Walimtaka yule mtu. Afisa wa ng'ambo, aliyekuwa na sababu zake za kutotaka kuiacha mitambo bila mtunzaji, akawajibu kwamba atamtoa siku mafundi wa mji wenyewe watakapoandika kwamba ni yeye, na kutia sahihi, mkurugenzi na mkuu wa ulinzi. Mpaka hapo, aliongeza, laini isiwashwe.

Mkurugenzi alikuja nyumbani na hati ikiwa imeshaandikwa. Nilikuwa nachambua maharage mezani, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mama hakumkaribisha kiti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mgeni. Aliisoma hati, akaigeuza nyuma kana kwamba pengine ukweli umeandikwa huko, akamrudishia.

"Uliondosha saa moja," alisema. "Na zile dakika za mukono yako uliziondosha?"

Mkurugenzi aliikunja ile hati. Alijua. Nafikiri alikuwa ameshajua tangu alipoziweka zile karatasi mbili pamoja.

"Watamuchukua tu, na sahihi yako ao bila sahihi yako," alisema mwishowe. "Weye unataka kukufa juu ya dakika tano?"

"Hizo dakika haziko zake, patron. Ni zako. Juu ya nini yeye alipe?"

Alimwomba basi angalau amruhusu airekebishe saa ya rele, iwe sawa, ili mambo yasizidi kuchafuka. Mama alitoka. Alibeba kiti kutoka jikoni, akakipeleka chumba cha rele, akakiweka mbele ya kisanduku, akaketi. Saa iliyokosewa ndiyo iliyokuwa shahidi wake pekee. Ikiguswa tu, hakuna atakayejua tena ilikuwa imetangulia kiasi gani. Nikampelekea maharage huko, akayachambua pale pale.

Alikaa hivyo siku zilizofuata, na mji ukaanza kumchukia. Vinu vilikuwa vimesimama. Wanawake walibeba mahindi yao kutoka mtaa hadi mtaa wakitafuta kinu cha mazutu, yaani dizeli, na mazutu yalikuwa ghali, na wakipita kwenye uzio wetu walisimama. Wengine walikuwa na wafu wa wiki ile. Sikuweza kuwachukia. Mmoja, aliyetuuzia lengalenga, mchicha wa kwetu, tangu nikiwa mdogo, aliweka gunia chini na kushika waya wa uzio. Alimwita mama kwa neno letu la umeme, kuran.

"Mama wa kuran! Batu banasema yule wa kule juu iko bwana yako."

Mama alitokea dirishani. "Angekuwa bwana yangu," alisema, "ningekuwa nimesha mutia sahihi zamani, bamuchukue."

Wanawake walicheka, hata wale ambao hawakutaka kucheka, na yule wa lengalenga alibeba gunia lake akaondoka akitikisa kichwa. Lakini jioni ile jiwe lilipasua kioo cha jikoni, nami nikafagia vipande.

Kuonyesha kwamba saa ya mjini ilikuwa imetangulia hakukutosha. Mama alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Wangesema: na ya kule juu je? Labda na yeye aliisogeza yake, arudi nyuma, ajifiche. Ilikuwa lazima saa zote mbili zisomwe kwenye milio ile ile, asubuhi moja, kila upande kukiwa na macho ya zaidi ya mtu mmoja. Bila foni, mtu alipaswa kwenda. Mama asingeweza kuacha kiti. Baba alikuwa amekwama Kisangani tangu njia ya Mambasa ifungwe. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa mwisho wa sekondari ya ufundi, na nilizijua rele kama wengine wanavyozijua sala. Nilimwambia nitakwenda kabla hajaniomba. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walisema mama alimtuma binti yake kwenye mdomo wa simba. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nimechoka kuogopa kwa saa ya watu wengine.

Nilikwenda na mama mmoja wa mawese, mjane wa makamo ambaye watu wake walikuwa wa pande zote mbili na kwa hiyo alitukanwa na pande zote mbili, lakini alipita. Wanaume hawakupita tena kwenye barabara ile. Wanawake wenye mizigo, mara nyingine walipita. Alinifunga kitambaa kichwani, akanitwika kidumu, akaniamuru niache kutembea kama mwalimu. Nilichokuwa nimebeba hasa hakikuwa kwenye kidumu wala kwenye karatasi. Kilikuwa sentensi moja kichwani: asubuhi ya kesho, kwenye mlio mrefu, soma.

Kwenye bariere ya mwisho, kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki iliyofungwa kitambaa chekundu aliniangalia miguu.

"Huyu miguu yake iko safi sana. Ni wa wapi?"

"Ni mutoto wa dada yangu," mama wa mawese alisema. "Iko musomi. Hajui kulima, hajui kupika, hajui kubeba. Unamutaka? Mimi namulisha bure."

Vijana wenzake wakamcheka. Akatuambia tupite, lakini alichukua kipimo kimoja cha mawese, na nilipofika kwenye kona nikageuka kutazama nyuma. Mama wa mawese hakunipa pole. Alisema tu kidumu kimeinama.

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Tulifika jua likiwa bado juu ya mlima. Askari walinipeleka kwa afisa wao, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha kambini, naye aliposikia mimi ni binti wa mkuu wa ulinzi alidhani nimeleta hati. Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nikiharakisha, nikachanganya saa yake na saa yetu, nikaanza upya. Alisikiliza huku akijikuna shingo. Mwisho aliuliza swali moja tu, kama mtunza mashine anaweza kuigusa rele kati ya sasa na asubuhi. Nikasema weka askari mlangoni. Akasema askari yupo tangu juzi.

Ndipo nikamwona yule mtu. Miaka yote nilikuwa nimempa mwili mkubwa, kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa mdogo, mwenye kikohozi, na suruali iliyoshonwa magotini kwa mkono wa mtu asiyejua kushona. Aliniangalia usoni.

"Iko macho ya shemeki," alisema. "Umekula?"

Nilimuuliza jambo nililolibeba njia nzima: je, tangu foni ichukuliwe, aliisogeza saa yake? Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama ameoga kanisani.

"Na nani?" alisema.

Asubuhi tulisimama wanne mbele ya rele ya juu: yeye, mimi, afisa, na askari aliyeshika redio, maana afisa hakutaka redio ishikwe na mmoja wetu. Wimbo wa tangazo la sabuni ulipita. Halafu milio. Niliyaelekeza macho yangu kwenye zile tarakimu ndogo za kijani na sikupepesa. Kule chini, nilijua, mama naye alikuwa amesimama kutoka kwenye kile kiti, na mkurugenzi karibu yake kama mama alivyokuwa amemtaka, wamekodoa macho kwenye tarakimu zao. Mlio mrefu ukalia. Nikasoma kwa sauti, na afisa akasoma baada yangu. Saa ya maporomoko ilikuwa imechelewa sekunde mbili. Baada ya miezi yote ile bila kuguswa, sekunde mbili. Yule mtu alifuta kioo cha rele kwa mkono wa shati, taratibu, kama unavyomfuta mtoto aliyefaulu mtihani.

Afisa aliandika alichokisoma, akatia sahihi. Akasema: niletee ya mjini, iliyotiwa sahihi na watu wawili. Ikiwa mji ulitangulia, huyu anabaki kwenye mashine yake. Ikiwa siyo, atakwenda na wanaomtaka. Alisema haya mbele yake, kama mtu anayezungumzia gunia.

Nilipokuwa nikifunga kitambaa changu, yule mtu alinifuata mpaka mlangoni, askari nyuma yake.

"Ambia mama yako," alisema. "Kesho kutwa, mulio murefu ukilia, mi natuma kuran. Akiona sindano ya volti inapanda, ajue niko. Akikosa kuona, ajue sikuachiwa." Alikohoa. "Lakini hata hivyo asitie sahihi. Unasikia? Hata kama nimesha kufa, saa ibakie ya kweli."

Sijawahi kubeba kitu kizito kuliko maneno yale, na niliyabeba siku nzima, nikishuka, kidumu kikiwa kitupu kichwani.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye chumba cha rele, na mkurugenzi alikuwa kwenye kile kiti cha jikoni. Walikuwa wamesoma. Nilitoa karatasi ya afisa, nikamwambia mama maneno ya shemeki wake. Mama akaandika hesabu kwenye upande wa nyuma wa kalenda, akaisoma kwa sauti ili mkurugenzi afuatilie kila hatua, jinsi yeye mwenyewe alivyomfundisha. Toa saa nzima ya amri. Toa zile dakika za saa ya mkononi, karibu tano, ambazo asubuhi ile milio ilikuwa imezionyesha wazi. Ongeza sekunde mbili upande wa maporomoko. Kilichobaki kilikuwa kifupi kama pumzi chache. Rele ya mjini ilikata kwanza. Umeme wa maporomoko ukabaki bila mahali pa kwenda, mashine ikaanza kukimbia kama baiskeli iliyotoka mnyororo, na sekunde chache baadaye rele ya juu ikaisimamisha. Mti ulianguka, laini ikafa. Hakuna mkono wa mtu.

"Tia sahihi," mama alimwambia, akimsogezea ile hesabu.

Mkurugenzi alichukua kalamu. Aliuliza kama mama anajua wakubwa watamfanya nini yeye, mkurugenzi, maana hati hiyo inasema wazi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mama akasema anajua, na kwamba jina lake litakuwa juu ya lile la mkurugenzi, waanze naye. Akasema hawezi kuitia sahihi peke yake. Karatasi ya mtu mmoja wataiita mawazo ya mwanamke.

Mkurugenzi alitia sahihi. Ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ile aliyoizoea, ile yenye mikia. Kisha aliivua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni, na akaenda nyumbani kwake kwa miguu. Siku ya pili gari la askari wa ng'ambo likaichukua hati. Mafundi walikuwa wameshautoa mkaratusi na kuunga waya. Baada ya hapo hakukuwa na habari yoyote. Juu ya mlima wangeweza kuisoma au kuwashia moto.

Asubuhi ya tatu wakubwa wa mji walimtuma mtu. Alikuwa kijana mpole wa sura, bunduki begani, na amri kwamba hakuna kuwashwa kitu mpaka wao waseme. Alisimama mbele ya mkono wa chuma unaoingiza umeme mjini, akajiegemeza hapo hapo, akatafuna muwa. Mama alimsalimu, akamuuliza kama mama yake anaendelea vizuri. Akajibu anaendelea. Mama akawasha redio.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuweza kuangalia sindano ya volti, ile inayoonyesha umeme unaofika kutoka juu, wala sikuweza kutoiangalia. Ilikuwa imelala chini kwenye sifuri tangu siku ya mti. Redio ilikoroma, ikapotea, ikarudi. Mama hakuigusa. Milio ikaanza. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Ukalia ule mrefu.

Sindano ilitetemeka. Ikainuka kidogo, ikasita kama mtu anayesimama baada ya ugonjwa, halafu ikapanda, ikapanda, ikatulia mahali pake. Kiwanja kizima kikaanza kunguruma kwa sauti ile niliyoizoea tangu utoto.

Machozi yalimtoka mama na hakuyafuta. Alivaa glovu zake za mpira, moja, ya pili, akamwendea yule kijana.

Kijana aliacha kutafuna. "Hiyo nini?" aliuliza, akionyesha sindano kwa muwa.

"Ni mutu," mama alisema. "Iko muzima. Sasa sogea, baba. Umesimama mbele ya kuran."

Alimwangalia mama, akaangalia glovu, akaangalia bunduki yake mwenyewe kana kwamba angependa imshauri. Nje, kwenye uzio, wanawake wa mahindi walikuwa wamesikia ule mngurumo na walikuwa wanaanza kuitana.

Akasogea.